Fumbo kwa Mwerevu: Waandishi wa Televisheni ya Marekani na Akili ya Mtazamaji, 1953–1964

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kumwonya msemaji, asidhani kuwa maneno aliyoyafunika yamefichika kwa kila mtu. Lakini ndani yake imo pia sifa ya msikilizaji. Yakiri kuwa neno halimaliziki kinywani mwa alisemaye; humalizikia katika akili ya alisikiaye. Muyaka bin Haji alipotunga kwa mafumbo siku za ugomvi wa Mombasa na Sayyid Said, alikuwa na imani hiyo kwa watu wa mji wake, na imani hiyo ni heshima. Kumweleza mtu kila kitu, tena mara mbili, ni kumtangazia kuwa hana akili.

Nataka kuitumia methali hii kama taa ya kutazamia sura moja ya historia iliyo mbali na kwetu, yaani historia ya michezo ya kuigiza katika televisheni ya Marekani baina ya mwaka 1953 na mwaka 1964. Nimeichagua kwa sababu katika miaka hiyo swali la akili ya mtazamaji lilitoka katika vitabu likaingia katika kazi ya kila juma. Lilikuwa ugomvi baina ya waandishi waliomwamini mtazamaji na wenye fedha waliomwogopa. Na katikati ya ugomvi huo ulilala mwili wa mtoto wa miaka 14.

Mwaka 1950, katika kila nyumba 100 za Marekani, kama 9 tu ndizo zilizokuwa na televisheni. Kufikia mwaka 1960 zilikuwa zimezidi 85. Michezo mingi ya mwanzo ilitoka New York, nayo ilichezwa moja kwa moja: waigizaji walisema na kutenda saa ile ile watu walipokuwa wakitazama majumbani, na kosa lililotokea halikuweza kufutwa. Studio zilikuwa finyu, kioo kilikuwa kidogo, na picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mbio za farasi na miji inayoungua ziliachiwa sinema. Kilichoonekana vizuri katika kioo kile ni uso wa mtu, na kilichosikika vizuri ni maneno yake. Basi umaskini wa vifaa ulimpa mwandishi cheo ambacho katika sinema hakuwa nacho. Mchezo ulisimama au kuanguka kwa mazungumzo.

Mmoja wa waliotambua mapema utajiri wa umaskini huo ni Paddy Chayefsky, mzaliwa wa Bronx katika jiji la New York. Tarehe 24 Mei 1953 shirika la NBC lilionyesha mchezo wake uitwao Marty, Rod Steiger akiwa mwigizaji mkuu na Delbert Mann akiwa mwongozaji. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Marty ni mwuza nyama, si mzuri wa sura, ujana unampita, na kila mteja anamwuliza ataoa lini. Usiku wa Jumamosi akutana dansini na mwalimu wa kike ambaye naye amedharauliwa na wanaume. Hapana mauaji katika mchezo huu, wala hazina, wala siri ya kurithi. Marty na rafiki yake wanaulizana wafanye nini jioni ile, na kila mmoja amrudishia mwenziwe swali lile lile. Kwa sikio la haraka hayo ni maneno matupu. Mtazamaji makini husikia ndani yake miaka mingi ya jioni zisizo na pa kwenda. Hata Marty anapomwambia mama yake kwa uchungu kuwa yeye ni mtu mnene na mbaya wa sura, sisi tumekwisha kulijua hilo. Kwa hivyo tamko lake latuchoma kama siri iliyomponyoka mwenyewe. Mwandishi ametuachia tutangulie kujua, kisha ndipo akamwacha mtu wake aseme. Mwaka 1955 kisa hicho kilifanywa filamu, nayo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Watu walioitwa wapenda upuuzi walikuwa wamemwelewa mwuza nyama.

Reginald Rose alikwenda hatua ya mbele zaidi, naye alisukumwa na tukio la kweli. Mwezi wa Julai mwaka 1951, katika mji wa Cicero karibu na Chicago, maelfu ya Wazungu walilizingira na kuliharibu jengo ambamo familia moja ya watu weusi ilikuwa imepanga, hata askari wa jimbo wakaitwa kutuliza ghasia. Rose aliandika mchezo juu ya mtaa wenye majirani wanaokusanyika kumfukuza mgeni aliyehamia miongoni mwao. Katika mswada wake wa kwanza mgeni huyo alikuwa mtu mweusi. Akaambiwa haiwezekani, kwani watazamaji wa majimbo ya Kusini wangekasirika na bidhaa za mdhamini zingesusiwa. Akamgeuza mgeni kuwa mtu aliyetoka kifungoni. Mchezo huo, Thunder on Sycamore Street, ukaonyeshwa na CBS tarehe 15 Machi 1954.

Sasa tazama werevu wa mwandishi. Kwa sehemu kubwa ya mchezo Rose hakusema kwa nini majirani wanamchukia mtu yule. Walisikika wakizungumza jioni nyumbani kwao kwa sauti za watu wema: watoto wetu, thamani ya nyumba zetu, hatuna ubaya naye, lakini. Sababu haikutajwa, na mtazamaji alilazimika kuitia mwenyewe. Rose aliandika baadaye kuwa alizungumza na watu walioutazama mchezo. Wengine walidhani mtu yule ni mfano wa mtu mweusi. Wengine, wa Myahudi. Wengine, wa Mkatoliki, au mtu wa Puerto Rico, au mtu aliyekuwa Mkomunisti. Hakukutana na hata mmoja aliyeamini kuwa kweli mwandishi alikusudia mfungwa wa zamani. Mdhamini alikuwa ameliondoa neno moja, na watazamaji wakalirudisha. Tena waliporudisha kila mtu alileta la kwake, kwa kadiri ya dhambi ya mtaa wake.

Miezi sita baadaye, tarehe 20 Septemba 1954, CBS ilionyesha mchezo mwingine wa Rose, Twelve Angry Men. Watu 12, raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi kwa mujibu wa sheria ya Marekani, wamefungiwa chumbani. Kijana ashitakiwa kumwua baba yake. Watu 11 wataka aonekane na hatia, mmoja asita. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Twayajua kwa maneno tu, na maneno hayo hupimwa, hukatwa na kuunganishwa upya mbele yetu. La ajabu zaidi ni kuwa hata mwisho hatuambiwi kwa hakika kama kijana aliua au hakuua. Mwandishi asiyemwamini mtazamaji wake asingethubutu kumpeleka kulala na shaka hiyo. Rose alithubutu, kwa kuwa shaka ndiyo maana yenyewe ya mchezo.

Hapo ndipo aingiapo Rod Serling. Alizaliwa mwaka 1924 katika jimbo la New York, akapigana Ufilipino akiwa askari wa miavuli katika Vita Kuu ya Pili, akarudi na kuanza kuandikia redio na televisheni. Tarehe 12 Januari 1955 mchezo wake Patterns ulionyeshwa na kupendwa mno. Michezo ya wakati ule ilichezwa mara moja ikapotea, lakini huu uliombwa tena, na waigizaji wakakusanyika kuucheza upya tarehe 9 Februari. Watazamaji wale wale waliosemwa kuwa hawana subira waliomba kurudiwa mchezo ambamo wakubwa wa kampuni hukaa ofisini wakijadiliana juu ya heshima na uzee.

Mwaka ule ule, tarehe 28 Agosti 1955, mtoto mweusi wa Chicago aitwaye Emmett Till, aliyekwenda kuwatembelea jamaa zake Mississippi, alichukuliwa usiku na Wazungu wawili, akateswa na kuuawa, na mwili wake ukatupwa mtoni. Mwezi wa Septemba watu 12, wote wanaume, wote Wazungu, walikaa faraghani kwa muda uliozidi saa moja kidogo, wakawaachia huru walioshitakiwa. Mwezi wa Januari mwaka 1956 wauaji walikiri katika gazeti la Look, wakijua kuwa sheria haiwezi kuwashitaki tena.

Serling alitaka kuliandikia jambo hili. Akijua mazingira ya kazi yake, alianza mwenyewe kufunika. Katika mswada wake wa Noon on Doomsday aliyeuawa alikuwa mzee Myahudi mwenye duka la rehani katika mji mdogo wa Kusini, na mji ukamkinga mwuaji. Habari zikavuja magazetini kuwa mchezo ni juu ya Till. Barua za vitisho zikaja kutoka kwa mabaraza ya Wazungu wa Kusini yaliyopinga kuchanganyika kwa watu, zikitangaza kususia bidhaa. Ndipo mkasi ulipoanza kazi. Mji ukahamishwa kutoka Kusini ukapelekwa New England, pembe ya kaskazini mashariki ya nchi. Aliyeuawa akawa mgeni asiyetajwa kabila. Serling alisimulia kuwa hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa katika mandhari, kwa sababu kinywaji hicho kingeweza kuwakumbusha watu Kusini. Mchezo ulionyeshwa tarehe 25 Aprili 1956, nao ulikuwa ganda lisilo na kiini. Akajaribu tena katika A Town Has Turned to Dust, tarehe 19 Juni 1958. Safari hii kisa kilirudishwa nyuma hadi miaka ya 1870, na aliyeuawa na umati akawa kijana wa Kimeksiko.

Hapa yatupasa kutua na kupambanua, kwani kuna kimya cha namna mbili. Rose alinyamaza juu ya sababu ya chuki ili mtazamaji aitafute. Kimya chake kilikuwa mlango ulioachwa wazi. Noon on Doomsday ulinyamazishwa ili mtazamaji asiwe na la kutafuta. Kimya hicho kilikuwa mlango uliojengewa ukuta. Kwa nje vimya hivi vyafanana, kwani katika vyote viwili neno limekosekana. Tofauti ni kama mwandishi ameacha nyuma yake njia ya kulifikia neno hilo. Mwenye biashara hakuhitaji mtazamaji afikiri, alihitaji asiudhike. Ukimtazama mtu kwa jicho hilo, akili yake ni hatari, na kila alama iwezayo kuiamsha, hata chupa ya soda, ni adui.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea tarehe 16 Aprili 1959, CBS ilipoonyesha mchezo wa Abby Mann, Judgment at Nuremberg, juu ya hukumu ya majaji wa Kinazi. Miongoni mwa waliolipia kipindi kile walikuwa chama cha wafanya biashara ya gesi ya kupikia. Basi kila mwigizaji alipotaja gesi iliyowaua Wayahudi, fundi alizima sauti. Midomo ilicheza, neno halikutoka. Sidhani kama historia ya uandishi ina picha ya dharau iliyo kamili kuliko hiyo: mamilioni ya watu walikufa, na watazamaji walifanywa hawawezi kusikia kwa nini, ili jiko la mtu lisitiwe doa.

Haki yatutaka tuseme kuwa hofu ya wadhamini haikutoka hewani. Barua za vitisho zilikuwa za kweli, na walioziandika walikuwa watazamaji pia. Tena wale watu 12 wa Mississippi hawakuwaachia wauaji kwa kukosa akili. Walielewa ushahidi vizuri. Akili peke yake haimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Mwandishi anayemwamini mtazamaji hudai zaidi ya ufahamu: huiita dhamiri ije ikae kitako pamoja na akili. Huenda dhamiri ikakataa wito. Lakini kutoiita kabisa ni kuihukumu kabla ya kuisikiliza.

Mwaka 1959 Serling alichoka kupigania neno moja moja. Katika mahojiano na Mike Wallace mwezi wa Septemba alieleza kuwa hana nia tena ya kuyaendea moja kwa moja matatizo ya jamii ya siku zile katika mfululizo wake mpya. Wasikilizaji wengi yamkini waliamini kuwa mpiganaji ameweka silaha chini. Tarehe 2 Oktoba 1959 CBS ilianza kuonyesha mfululizo huo, The Twilight Zone, hadithi za nusu saa juu ya nyota, mizimu na mashine. Ulidumu hadi mwaka 1964, vipindi 156, na Serling mwenyewe aliandika 92. Alikuwa amegundua jambo ambalo Muyaka asingehitaji kufundishwa: asilokubaliwa kulisema mtu wa chama cha siasa laweza kusemwa na mtu aliyetoka Mars.

Chukua kipindi cha tarehe 4 Machi 1960, The Monsters Are Due on Maple Street. Jioni moja katika mtaa wa watu wa kawaida taa zazimika na magari yagoma. Mtoto mmoja, msomaji wa hadithi za kubuni, asema kuwa wavamizi kutoka angani hutanguliza watu wao wakae miongoni mwa binadamu. Watu wazima wacheka kwanza. Kisha gari la mmoja laanza kunguruma lenyewe, na kicheko chakatika. Kwa nini lake tu? Mbona usiku husimama nje akizitazama nyota? Kila sentensi ni fupi, ya kijirani, yenye adabu kidogo kuliko iliyotangulia. Kabla ya usiku kwisha mtu asiye na kosa amepigwa risasi na mtaa wote unapigana mawe. Wavamizi wapo kweli, wamekaa kilimani wakitazama, na kazi yao yote ilikuwa kuchezea taa.

Hapana mtu mweusi katika kisa hiki, hapana Mkomunisti, hapana Mississippi. Mdhamini hakuona chupa ya kuondoa. Lakini msomaji atambua mara moja kuwa huu ni mtaa wa Rose umerudi, na umati wa Cicero, na mji uliomkinga mwuaji. Serling hakubadili alilotaka kusema. Alibadili mahali pa kuliweka, akitumaini kuwa mtu aliyeketi na watoto wake sebuleni ataligangua. Na wengi waliligangua. Mwezi wa Mei mwaka 1961 Newton Minow, mwenyekiti wa tume ya serikali inayosimamia utangazaji, aliwaambia wakuu wa televisheni mbele yao kuwa kazi yao kwa jumla ni jangwa kubwa. Katika vipindi vichache alivyovitoa katika lawama hiyo, alikitaja The Twilight Zone kwa jina.

Ningeweza kukomea hapa, na insha ingekuwa na mwisho wa furaha: mjinga kafumbiwa, mwerevu kagangua. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kumsahau yule mtoto. Fumbo lina gharama yake. Mtazamaji aliyetaka kuelewa Maple Street alielewa. Asiyetaka aliweza kuzima televisheni akisema ameona hadithi ya watu wa angani. Na jina la Emmett Till halikutajwa katika mchezo wowote kati ya hii niliyoisimulia.

Aliyelitaja jina hilo bila pazia ni mama yake, Mamie Till. Mwezi wa Septemba mwaka 1955, mwili uliporudishwa Chicago, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka watu waone. Makumi ya maelfu walipita kanisani wakitazama uso ulioharibiwa, na gazeti la Jet likaichapa picha. Hakuandika mazungumzo, wala hakuwaeleza watu wahisi nini. Alifungua jeneza, akawaachia macho yao na dhamiri zao. Katika sura hii yote ya historia simwoni mtu aliyewaamini watazamaji kuliko yeye. Na televisheni, iliyokuwa na waandishi hodari na mamilioni ya macho, mwaka uliofuata ilikuwa ikiondoa chupa.

Kwa hivyo fumbo na uwazi si maadui, nami nawaomba wanafunzi wasiyapime kwa mizani ya kupendeza tu. Katika darasa langu la uandishi wa michezo hunijia miswada ambamo mtu huingia, akasema kuwa ana hasira, akaeleza sababu ya hasira, kisha mwenziwe akamwambia kuwa anaona ana hasira. Nikiwauliza waandishi kwa nini, hujibu kuwa mtazamaji wetu wa kawaida asingeelewa. Mtazamaji huyo wa kawaida ni nani? Ni mama zao na wajomba zao, watu waliolelewa kwa vitendawili, ambao mgeni akisema shambani kwake mvua imekawia hujua kuwa amekuja kukopa.

Mtihani ninaowapa ni huu, nao nimejifunza kwa Rose na Serling. Kila mahali ulipoliacha neno, jiulize umeliacha kwa ajili ya nani. Ikiwa umeliacha kwa kuwa wajua mtazamaji atalileta, umemheshimu. Ikiwa umeliacha kwa kuwa waogopa atakalolifanya akilisikia, hiyo ni kazi ya yule fundi aliyezima sauti, hata kama hakuna mdhamini aliyekuamuru.